Fundi Aliyeziona Kingamwili Zake

Kila asubuhi mume wa fundi alibeba cherehani ya mkewe na kuiweka nje, juani.

"Jua litakutoa baridi ya viungo," alisema. Alimpenda sana mkewe. Hakujua alikuwa akimwongezea maradhi.

Vidole vya fundi vilikuwa vimevimba. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano. Mabaka yalimtoka mashavuni, na uchovu haukuisha hata akilala. Gauni la harusi la binti yake lilikuwa bado vipande vipande.

"Nikishindwa kushona la mwanangu, mimi ni fundi wa nini?" alilalamika.

Siku moja alitembelewa na wifi yake, mtaalamu wa maabara hospitalini.

"Wifi, umejipaka nini usoni?"

"Kaka yako ananianika kama nguo mbichi!"

Walicheka. Kisha wifi akayatazama mabaka vizuri. "Ukikaa juani yanazidi?"

"Yanazidi. Na viungo vinauma zaidi."

"Basi kesho twende kwa daktari."

Daktari aliagiza damu na mkojo vipimwe. Majibu yalipokuwa tayari, wifi aliomba ruhusa, akamwingiza fundi katika chumba chenye giza.

"Chungulia kwenye hadubini."

Fundi akachungulia. Gizani viliwaka viduara vya kijani, vingi, vimetulia.

"Lo! Nini hivi, wifi?"

"Ni viini vya seli za kupimia. Kiini kimehifadhi maelekezo ya mwili, kama karatasi zako za kukatia nguo. Tuliweka majimaji ya damu yako juu ya seli hizi. Kingamwili ni walinzi, kazi yao kukamata vijidudu. Zako zimekamata viini. Rangi tuliyotia ndiyo inayowaka pale ziliposhika."

"Yaani walinzi wangu wananipiga mwenyewe?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, fundi."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Alistaajabu. Vitu vidogo hivyo, vizuri hivyo, ndivyo vilivyomnyang'anya sindano!

"Kipimo hiki peke yake hakitoshi," wifi aliendelea. "Hata watu wenye afya njema huweza kuwa na kingamwili kama hizi. Daktari ametazama dalili zako na vipimo vingine pia. Una lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake. Hauambukizi. Hauponi kabisa, lakini unadhibitiwa. Meza dawa kila siku, hata ukipata nafuu. Figo zipimwe mara kwa mara. Na jua ulikimbie."

Nyumbani, mume aliposikia alishika kichwa. "Kumbe nilikuwa nakuunguza!"

"Ulikuwa unanipenda, ila ulipitiliza," mkewe alimtania. "Haya, beba cherehani yangu."

Ikarudi ndani, kwenye kivuli. Fundi akitoka alivaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Dawa hakuziacha. Miezi ikapita, uvimbe ukapungua.

Asubuhi moja alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akailenga kwenye tundu la sindano. Uzi ukapita.

Binti yake alikuwa amesimama mbele yake, gauni mwilini.

"Mama, unaangalia nini?"

"Vidole vyangu," alisema mama. "Simama wima, nikupindie pindo."