Sikio Lililofutwa Kwenye Kioo

Vumbi la raba ndilo lililoanza. Asubuhi mchoraji alilikuta juu ya kioo cha kishikwambi, chembe za kijivu zenye joto, na raba yenyewe hajaigusa wiki nzima. Akazipuliza kama alivyozoea. Kidogo paka akapita, mkia hana, kidonda hana. Mama wa watu akadhani ni watoto wa jirani, akatoka kwenda kuwatukana.

Kumbe jana yake, katika kujifunza kuchora humo, alimchora yule paka na mkia akaufuta.

Huyu mama alikuwa mtu wa penseli tangu usichana. Vitabu vya watoto wa shule, nusu yake picha ni za mkono wake. Basi ofisi ya vitabu ikamwambia karatasi hatupokei tena, leta kazi ya kishikwambi. Ikabidi ameze mate akaazime cha mdogo wake, na wale wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu msiba wa mama yao, walipovutana cherehani ya marehemu mbele za watu. Mdogo mtu alikileta, akamwelekeza, akamwachia neno moja: akikosea asifute, abonyeze kamshale ka kurudi nyuma. Mchoraji akachekea puani. Yeye alikuwa anafuta makosa mwenzake hata meno hajaota.

Sasa akamkalisha binti yake wa miaka saba mlangoni, amchore kwa kitabu kipya. Sikio la kushoto likakaa vibaya. Akachukua ile raba ya kwenye kioo akasugua, ulimi nje, mkono mzito kama yuko kwenye karatasi. Pakanuka nywele zinazoungua.

"Mama, inaniwasha," mtoto akasema.

Akageuka. Pale pa sikio palikuwa patupu, laini kama goti. Akabonyeza kamshale mpaka kidole kikauma. Kwenye picha sikio likarudi. Kwa mtoto, wapi.

Akambeba mbio, kishikwambi kwapani, hadi kwa mganga. Mganga akaweka kiganja kwenye kioo, akakitoa upesi, akawa anaongea chini chini kama mtu aliyemlaza mgonjwa chumba cha pili.

"Jini amekaa humu. Alichokula hatapiki, anabadilisha tu. Sikio kwa sikio, la damu yenu. Unalo lako, mama. Nenda kajichore."

Akarudi nyumbani, akasimamisha kioo cha kujitazamia mezani, akaanza kweli kujichora, kidevu, shavu, na huku ndani ya kishikwambi kitu kinatafuna taratibu kama mbuzi, na ile harufu ya nywele inamjaa kooni, na mkono wake, sijui ni woga sijui ni ile cherehani, ukaacha uso wake ukaenda kwenye uso mwingine anaoujua hata akifumba macho, akalichora sikio la mdogo wake likakaa sawasawa, halafu akalifuta lote asibakize hata kivuli.

Mtoto akapata sikio. Kubwa kidogo, lina matundu mawili ya hereni, naye hajawahi kutogwa.

Mchana wa siku ya pili yake mdogo mtu akaja, kitambaa kichwani kimefungwa upande. Hakugombana. Akamtuma mtoto nje akacheze. Akakaa mbele ya dada yake, akachukua kishikwambi chake.

"Ulijua," mchoraji akanong'ona. "Ulijua kina nini."

"Nilijua. Nikakwambia usifute."

"Hukuniambia kwa nini."

"Ungeniamini, dada? Mimi, kwa kuchora?" Akaanza kuchora, haraka haraka, bila kukosea. "Tulia sasa. Usitikisike."

Mtoto huko uani alikuwa anaruka kamba. Akasikia mama yake anamwita, kwa lile sikio jipya tu, sauti inatoka mbali kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Akaingia mbio. Mama alikuwa kitini, mikono imeng'ang'ania meza, machozi yanashuka, na chini ya pua hapakuwa na kitu.

Mama mdogo hakuinua kichwa. Alikuwa anaanza kufuta macho.