Mlima Ulioitwa Alfonsi

Rangi nyeupe ilikuwa imevuka mstari.

Ambrosi aliinama juu ya ramani yake ya mbao, akaitazama tena. Jana alikuwa ameupaka ule mto wa barafu mpaka kwenye alama ya penseli, akaacha, na rangi ikakauka akiwa hapohapo. Leo ilikuwa imeshuka chini ya alama, nene, imejikunja ukingoni kama ulimi. Aliikwangua kwa patasi. Ilivunjika vipande, na vipande vikamyeyukia kiganjani.

"Baridi ya Julai," alijiambia, akajifuta kwenye suruali.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, huko Yakobi, pembezoni mwa mji wa Njombe, mashamba ya viazi yanapoanzia. Ramani ile, pana kama mlango, iliagizwa na Mwalimu Rodrick anayefundisha jiografia Makambako. Alitaka wanafunzi wake waiguse ncha ya kusini ya dunia kwa vidole: uwanda wa juu, milima iliyojipanga kulia na kushoto, na katikati yake barafu inayoteremka taratibu hadi baharini.

"Huu ni mto, Fundi, ila hauna haraka," Rodrick alimweleza siku alipokuja kuitazama kazi. "Upana wake unazidi toka hapa mpaka Makambako. Unang'oa mwamba, unausaga, unaubeba. Na upepo wa kule hauvumi, unaporomoka. Baridi nzito inashuka toka juu kama lori lililokatika breki."

"Upepo wa Makambako tunaujua, Mwalimu."

"Wa Makambako bado unanyonya!"

Walicheka. Walikuwa wakinywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na Ambrosi alikuwa na furaha ya kazi kubwa na ya mkewe, Conjesta, aliyekaribia kujifungua. Rodrick akamwonyesha kilele kimoja. "Mingine ina majina ya wageni waliopita. Huu sikuona jina lake. Kule hakujawahi kuwa na mwenyeji wa kuuita. Upe lolote."

Ambrosi akachonga jina la marehemu baba yake: ALFONSI. Kisha, kwa mzaha wa kileo, akafanya kama ukoo wao unavyomfanyia mtoto mchanga. Akajaza ulanzi mdomoni, akaupulizia mlima, akaliita jina kwa sauti. Kwao jina la marehemu hupewa mmoja tu. Anayelipokea hurithi kigoda cha marehemu kando ya moto, na mjane humwita "mume wangu" mpaka kifo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume.

Siku ya kumpa jina, ukungu ulikuwa umelala juu ya Yakobi tangu asubuhi, na hata adhuhuri haukuinuka. Mama yake Ambrosi, Bibi Idda, alimpakata mtoto jikoni karibu na moto.

"Mume gani huyu, kutwa kulala!" alimtania. "Nani atanipalilia viazi?"

"Mama," Conjesta alisema taratibu, "mikono yake haipati joto. Nimeiweka kifuani, nimeiweka karibu na moto. Haipati."

"Hana jina bado. Akishaitwa atapata joto."

Bibi akapuliza ulanzi kifuani mwa mtoto. "Alfonsi!"

"Naam."

Sauti ilitoka karakanani. Ilikuwa kama gogo kubwa linalopasuka kwa ndani.

Mtoto alifungua macho, akayafumba.

"Ambrosi," Bibi alinong'ona, "kuna mtu kule?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Naam," ikaitika tena, karibu zaidi, nyuma ya ukuta, na nguruwe wote bandani wakapiga kelele kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja.

Ambrosi alikimbia kuangalia. Walikuwa wamebanwa kwenye ukuta wa tofali, bapa kama magunia matupu, mbavu zimetokeza nje, na ngozi zao zimechanwa mistari iliyonyooka, sambamba, kama vile mawe makubwa yameburutwa juu yao. Damu ilikuwa imeganda kabla haijadondoka. Harufu haikuwa ya damu. Ilikuwa ya mwamba uliosagwa na maji ya kale yasiyowahi kuona jua.

Alirudi jikoni meno yakigongana, akaungama: mlima, ulanzi, jina.

Bibi alimzaba kofi. "Umekipa jina la mume wangu kitu ambacho hakijawahi kuota moto?"

"Ulikuwa utani tu, Mama."

"Kimesikia jina. Sasa kinakuja kuota moto wake. Na mtoto amekaa mahali pake."

Ambrosi alichukua shoka. Conjesta alimshika shati, likachanika, naye akaenda. Karakana ilikuwa nyeupe ndani. Alikipiga kilele mara moja, na shoka likanasa, na alipoweka mkono wa kushoto kulichomoa, ile barafu ya rangi ikasogea kwa mlio wa meno yanayosaga mfupa, ikaukandamiza mkono wake kwenye ubavu wa mlima aliouchonga mwenyewe, ikavunja kidole, ikavunja kingine, bila haraka, bila hasira, mpaka akaweka mguu ukingoni mwa ubao, akajivuta akipiga mayowe, akaacha vidole viwili humo, na hapo paa likang'oka, na upepo ukaporomoka juu yake, mzito kama maji, ukamfagia mpaka mlangoni kwa mkewe huku mabati yakiruka yakikata migomba, huku karakana nzima ikipondeka nyuma yake kama kiberiti chini ya mguu wa mtu.

Conjesta alimvuta ndani, akafunga mlango. Barafu iliuziba kwa nje. Aliusukuma kwa bega atoke na mtoto. Kitu kikausukuma kutoka upande wa pili, ukambamiza ukutani, uso ukajaa damu, lakini mtoto hakumwachia.

Kisha ukuta wa jikoni upande wa karakana ukapasuka, na kikaingia. Hawakuona umbo. Waliona kigoda cha marehemu kikivunjika miguu chini ya uzito usioonekana. Waliona moto ukiinama, ukazimika. Midomo ya mtoto ikawa ya bluu.

"Hapumui," Conjesta alinong'ona. "Mama, hapumui vizuri. Mama!"

Bibi Idda alisimama, akafunga khanga kiunoni.

"Alfonsi."

"Naam." Vyungu vilipasuka.

"Mimi ni nani kwako?"

Kuta zilikuwa zikilia.

"Mke wangu."

"Basi huna haya?" Bibi alikifokea. "Tangu lini baba mkwe akaketi jikoni na mkaza mwana anayenyonyesha, kifua wazi? Alfonsi niliyeolewa naye hakuwahi hata kuvuka kizingiti hiki! Umelichukua jina, chukua na adabu yake. Inuka! Mume hukaa alipo mkewe."

Uzito uliinuka. Vipande vya kigoda viliruka.

Bibi alinyoosha mkono, kama mtu anayeshikwa mkono na mwenziwe. Wakasikia mifupa ya vidole vyake ikivunjika mmoja baada ya mwingine. Hakulia. Alimgeukia Conjesta.

"Mpe mtoto jina jingine. Na hili msiliite tena, wala ninyi wala wajukuu."

"Mama, usiende," Ambrosi alisema.

"Nani mwingine amlinde mumewe asirudi hapa? Wewe?"

Alipita kwenye ufa wa ukuta, mgongo wima, akaingia ukunguni. Kilimfuata kikisaga. Mtoto akapiga kelele, mikono yake ikichemka kama ya mtoto yeyote anayelia.

Ukungu ulipoinuka, Ambrosi aliifuata njia yao. Ilikuwa bonde jipya, pana kuliko barabara, lililochimbwa katikati ya viazi, mawe yamesukumwa kando kulia na kushoto, likipanda mlima badala ya kuteremka. Juu kwenye mgongo wa kilima liliishia kwenye majani mazima. Hapakuwa na mwili.

Mtoto alibatizwa Clemens. Sasa anakimbia, anavunja vyombo, ana joto. Mabibi wa jirani wakimtania "mume wangu", Conjesta huwaomba waache.

Ila kila Julai, ukungu unaposhuka, Ambrosi husimama nyuma ya nyumba, mkono wenye vidole vitatu mfukoni, akisikiliza huko juu sauti ya mwanamke anayemkemea mume mkaidi: "Kaa! Nimesema kaa!"

Mwaka wa kwanza ilikuwa kali, karibu ichekeshe. Mwaka huu Conjesta pia alitoka kusikiliza.

"Amechoka," alinong'ona.

Bibi alikuwa ameacha kukemea. Alikuwa anabembeleza.