Chiriku na Muuza Soksi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia uani na kuosha vyombo huku mdomo wake ukienda mbio kuliko mikono. Ndivyo alivyolipata jina hilo, na hata mwalimu wake alikwisha kulisahau lile la kwenye cheti.

Jumamosi hii ufagio ulipumzika. Mama yake, fundi wa cherehani, alimchukua wakapanda basi la alfajiri kwenda mji ambao Chiriku hakuwahi kuuona. Walikwenda kumtembelea Mama Pacha, rafiki wa mama tangu utotoni, muuguzi aliyehamishiwa huko kikazi. Watoto wake pacha walimpokea Chiriku kwa shangwe, wakamtembeza madukani mpaka miguu ikauma. Mchana, wao na mama zao wakaingia kwenye mkahawa wa kona kula kuku na chipsi.

"Mama, nipe simu nipige picha," Chiriku akabembeleza.

"Iangalie vizuri. Wateja wangu wote wamo humo," mama akasema. "Na usiende nayo kwenye maji."

Naam, akaenda nayo kwenye maji. Alitaka kujipiga picha kwenye kioo cha sinki. Pembeni yake mwanamume aliyening'iniza soksi za kuuza shingoni na mikononi alikuwa akinawa uso. Chiriku akanawa upesi, akaishika simu kwa mkono wenye sabuni. Ikamponyoka, ikapiga sakafu kwa kishindo. Kioo chake kikapasuka na mwanga ukazimika.

"Pole, binti," alisema yule muuza soksi, macho yamejaa povu. Akajifuta, akatoka zake.

Chiriku aliisukuma simu nyuma ya ndoo ya taka, akarudi mezani.

"Simu iko wapi?" mama akauliza.

Akainama sikioni kwa mama, akanong'ona, "Yule wa soksi ameichukua."

"Yule wa soksi ameichukua?" mama akapaza sauti. "Simu yangu?"

Kijana wa meza ya jirani alikwisha kusimama. "Mwizi! Mwizi wa simu! Yule wa soksi!"

Sasa, wachuuzi wa mji ule walikuwa na mazoea yao. Askari wa jiji waliwanyang'anya bidhaa kila mara, kwa hiyo wakisikia kelele walikimbia kwanza na kuuliza baadaye. Muuza soksi, aliyekuwa nje mlangoni, akatimua mbio. Kwa watu waliomwona, hiyo ilitosha.

Hakufika mbali. Mtu alimtega mguu, akaanguka kifudifudi, soksi zikatawanyika barabarani. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni. Mmoja akavua mkanda. Mwingine, bwana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akaja na mpini wa fagio. Walimpiga kichwani, mgongoni, na kwenye mikono aliyojikingia, mpaka mkono mmoja ukalia kama ukuni unaovunjwa. Hawakumjua. Wengine hawakujua hata ameiba nini.

"Nipekueni!" aliomba, damu ikimtoka puani. "Nipekueni basi, jamani!"

Hakuna aliyempekua.

"Si yeye!" Chiriku akapiga kelele. "Mwacheni! Si yeye!"

"Toka hapa, mtoto!" Mtu akamsukuma bila hata kumtazama.

Akapiga kelele tena na tena, mpaka koo likakauka. Ndipo alipomwona mwanamume mmoja akiinua jiwe kubwa kwa mikono miwili. Chiriku akaingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua. Yule muuza soksi atakufa, na atakayekuwa amemuua ni yeye, Chiriku.

Alirudi mkahawani mbio, akaipiga teke ndoo ya taka, akainyakua simu. Akapenya katikati ya miguu ya watu kwa magoti. Mpini wa fagio ukamshukia begani, mkono ukafa ganzi, lakini akajitupa juu ya muuza soksi na kuinua simu kwa mkono mzima.

"Simu hii hapa! Nimeivunja mimi! Nimemsingizia!"

Mama Pacha naye alikuwa amefika, akasimama juu yao. "Mimi ni muuguzi. Mwenye jiwe aanze na mimi!"

Jiwe likashuka polepole. Mmoja akatazama saa, mwingine akatazama viatu vyake. Mkanda ukarudi kwenye suruali. Bwana wa shati la pasi akakumbuka kwamba ana haraka. Punde si punde barabara ikawa tupu, utadhani soksi zilijimwaga zenyewe.

Hospitalini muuza soksi alifungwa plasta mkononi na kushonwa mdomo. Chiriku akapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Nisamehe, mjomba."

"Niliisikia ikianguka," muuza soksi akasema kwa shida. "Nikakupa pole."

Chiriku akalia kwa kwikwi.

"Sijui kama nimekusamehe leo," akaendelea. "Lakini ulirudi. Hilo nimeliona."

Jioni, nyumbani kwa Mama Pacha, Chiriku aliketi mbele ya beseni akifua soksi zote walizoziokota barabarani kwa mkono mmoja, bega likimuuma. Pacha walitaka kumsaidia, akakataa. Mama yake akaja kuketi karibu naye.

"Mimi pia nina kosa," mama akasema. "Nilipaza sauti kabla ya kuuliza, na kesho nitamwomba radhi. Lakini wewe sikiliza, mwanangu. Simu ingetengenezwa. Ningekufokea kidogo, kisha tungeendelea kula. Uongo wako uliusema kwa kunong'ona, mtaa mzima ukausikia. Ukweli uliupigia kelele mpaka sauti ikakauka. Nani alikusikia?"

"Hakuna, mama."

"Basi siku nyingine useme mapema, wakati bado unasikika."

Chiriku akachukua soksi nyingine, nyeupe, ya mtoto mdogo, akaanza kulisugua doa la damu.