Kijiti cha Kitambaa Chekundu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Naishi mtaa wa Mapendo, hapa Goma, pamoja na mama yangu mzazi ambaye miguu yake haimbebi tena, na mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu mwenyewe hayupo. Majirani wote wanasema vita ndivyo vilivyomchukua, na mimi nimewaacha waseme hivyo kwa muda mrefu mno... Leo nimechoka kuwaacha!

Familia yetu ilitoka milima ya Masisi. Tulikimbia nikiwa msichana wa miaka tisa, na mdogo wangu Sifa alikuwa bado ananyonya. Baba alibaki nyuma na ng'ombe wake, hatukumwona tena. Njiani mama aliishiwa nguvu, akamfungua Sifa mgongoni kwake, akamfunga mgongoni kwangu.

"Huyu ni wako," akaniambia. "Ukimuangusha, sina mwingine."

Maneno hayo nilikua nayo. Sifa alipopata homa niliumwa mimi, alipocheka nilicheka mimi. Akaja akaolewa Kibati. Mapigano yalipofika huko mume wake alipotea, na yeye akaishi chini ya turubai kwenye kambi ya Kanyaruchinya na mtoto wake Neema, mpaka nikamfuata nikamrudisha nyumbani Mapendo. Ningemwachaje pale?

Wakati huo nilikuwa na kazi ambayo mtaa mzima uliicheka. Kila Jumamosi nilikusanya kundi la watu kumi au kumi na wawili, wageni waliofanya kazi mjini na vijana wetu wa hapa hapa. Tulivaa jile, vile vizibao vya kuelea majini, tukapiga kasia kwenye kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki, mpaka kisiwa kimoja cha ziwa Kivu ambacho jina lake silitaji. Tukifika tunapanda mgongo wa kisiwa kwa miguu, tunatazama moshi wa volkano ya Nyiragongo, tunashuka, tunakula sambaza, vile visamaki vya ziwa, vya kukaanga, tunarudi. Jirani yangu mmoja aliniuliza kila mara: "Sisi tunatembea na magodoro kichwani bure, na bale banalipa juu ya kuchoka?" Nilicheka naye. Nilijivuna pia, nisiseme uongo. Mtoto wa wakimbizi, nikaitwa kiongozi!

Mchumba wangu Pascal alitufuata nyuma na boti ya mota, mtu akipinduka amwokoe. Tulikuwa tumekwisha kuwajulisha wazazi.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Karibu na ufukwe wa kisiwa kile kulikuwa na kibonde kama sufuria, kimezungukwa na mawe meusi ya volkano. Ndani yake kulikuwa na majani laini, kivuli, na ukimya... Baada ya kupanda mlima kila mtu alitaka kukaa pale. Katikati ya kibonde kilisimama kijiti chenye kitambaa chekundu.

Kijiti hicho kilichomekwa na Mama Zawadi, mwanamke aliyelima maharage na kufuga mbuzi upande wa pili wa kisiwa. Siku ya kwanza alinieleza maana yake. Mazuku! Sisi wa Goma tunalijua neno hilo. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi. Haina rangi, na ni nzito, kwa hiyo inatuama mabondeni kama maji. Ukisimama, kichwa chako kiko juu yake na hujui lolote. Ukilala, huamki. Mchana upepo wa ziwa unaifagia, lakini alfajiri, ziwa linapokuwa kimya, kibonde kinajaa. Mama Zawadi alikuwa na desturi yake: asubuhi aliwasha kishungi cha majani makavu, akakiteremsha kibondeni kwa mti mrefu. Moto ukizima, mbuzi hawapiti. Na kile kitambaa chekundu kilikuwa alama ya watu wa kisiwa kile peke yao. Mjini hakuna aliyeijua.

Pascal hakukipenda kijiti. Alisema mgeni akikiona atauliza, akiuliza ataogopa, na akiogopa harudi tena. Nikafikiri: sisi tunafika saa nne upepo ukiwa umeanza, na tunaondoka kabla ya saa tisa. Kuna hatari gani?

Nikaking'oa. Kwa mkono wangu huu!

Jumamosi iliyofuata nilikikuta kimesimama tena. Nikaking'oa tena. Safari hii Mama Zawadi aliniona, akaja na jembe begani, hana hata hasira.

"Binti, ile muti inakuomba nini?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba anatufukuzia wageni. Akanitazama sana.

"Wageni batarudia kwabo," akasema. "Mutoto wa hapa njo atalala pale."

Maneno hayo, kwamba atakayelala pale ni mtoto wa hapa, yalinipita. Kwani nilikuwa nasikia? Nilikuwa natafuta ujanja, na nikaupata. Mara ya tatu sikuking'oa. Nilivua jile yangu, nikaitundika juu yake, nikawaambia wote watundike zao pale zikauke. Tangu siku ile kundi letu lilikiita kijiti cha jile. Mama Zawadi alipita kwa mbali, akaona mti wake umesimama, akaridhika. Mimi nilikuwa nimekiacha kijiti na kuiua maana yake.

Sifa alipoanza kunisaidia kupika na kukusanya vifaa, naye aliuliza mbele ya wageni, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya, hii muti ni ya nini?"

"Ya kutundikia jile," nikamwambia.

Hakuuliza mara ya pili. Tangu mgongoni kwangu alikuwa hajui kwamba ninaweza kumdanganya. Hata Neema, miaka mitatu tu, alifundishwa na mama yake: tukifika, anakimbia na kijile chake, anajinyoosha akitundike, na watu wanampigia makofi. Nilipiga makofi nami.

Onyo nilipewa jingine. Kuna Jumamosi mgeni mmoja alikuja na mbwa wake mdogo. Siku hiyo upepo ulichelewa. Mbwa alilala kibondeni kidogo tu, akatoka anayumba, ulimi nje, miguu ya nyuma haimtii. Nikawaambia ni mawimbi yamemlevya. Wakacheka, na tukarudi mapema. Usiku ule sikula, lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Kwa nini sikusema? Ningesema nini kwa watu waliokuwa wamekaa mahali pale mara kumi kwa sababu ya neno langu?

Kisha vita vikarudi. Kwanza tulisikia milio upande wa Sake, kama mtu anayeburuta meza kwenye nyumba ya pili. Baadaye mabomu yakaanguka karibu na kambi. Mapendo ilijaa watu, nyumba yetu ikalala watu kumi na saba. Mama hakuweza kusimama, achilia mbali kuingia kwenye boti. Nikaamua: mimi nibaki naye, Sifa na Neema wapelekwe kisiwani na Pascal mpaka mambo yatulie. Pascal aliniapia mbele ya mama kwamba atakaa nao.

Ufukweni palikuwa na vurugu. Ndani ya boti alikuwamo mama yake Pascal na dada zake, na pembeni walisimama watu watatu wa kundi langu la Jumamosi, wakiomba nafasi. Sifa alikuwa tayari amekaa, Neema mapajani, wote wawili wamevaa jile.

Akaniambia kwa sauti, ili nisiwe na wasiwasi: "Yaya, usiogope. Tutajificha kwa kile kibonde. Risasi haiwezi kufika pale."

Mungu wangu! Risasi isingefika, kweli. Nilipaswa kusema palepale: Sifa, usilale kule, kile kijiti si cha jile, nilikudanganya! Sentensi moja tu... Lakini watu wale watatu walikuwa wananitazama. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa ananitazama. Nikaona aibu. Mabomu yanalia, na mimi naona aibu!

Nikamvuta Pascal pembeni, nikamnong'oneza: wasilale kibondeni, wapeleke kwa Mama Zawadi. Akaitika kwa kichwa. Boti ikaondoka. Neema alinipungia mkono mpaka sikumwona tena.

Siku mbili mtandao ulikatika. Mjini risasi, umeme hakuna, tunakunywa maji ya mvua. Nilijipa moyo kwamba angalau wao wako salama. Mama aliniuliza kila saa, "Sifa amefika?" Nilimjibu amefika. Hilo nalo halikuwa uongo, alikuwa amefika.

Siku ya tatu asubuhi mtu alibisha mlango. Alikuwa Mama Zawadi, miguu imejaa vumbi jeusi. Alikuwa amevuka ziwa kwa pirogi, mtumbwi wa mbao, na kutembea mji mzima akiuliza kwetu. Mgongoni kwake alikuwa Neema, ameshika shingo yake kwa mikono miwili.

Peke yake.

Alinieleza pale pale mlangoni. Pascal aliwashusha jioni na kuondoka muda huohuo, akaendelea na familia yake kuelekea Bukavu. Asubuhi Mama Zawadi alikuja na kishungi chake kama kawaida. Kabla hajafika alisikia mtoto analia. Neema alikuwa amekaa juu ya jiwe refu pembeni ya kibonde. Sifa alikuwa chini yake, amelaza uso kwenye jiwe, mikono bado imeinuliwa. Labda aliamka, akamsikia mtoto anahema vibaya, akamnyanyua juu kwa nguvu zake za mwisho. Hakubaki na nguvu za kujinyanyua mwenyewe.

Walimzika kisiwani, juu kidogo ya kibonde, kwa sababu mjini hapakuwa na njia.

Halafu Mama Zawadi akasema jambo ambalo nalisikia hata ninapooga, hata ninapopika.

"Kitu kimoja sielewi, binti. Muti ilikuwa pale. Na kitambaa ilikuwa mupya. Alitundika jile mbili juu yake, ya mukubwa na ya mutoto, muzuri kabisa. Akatandika kitenge chini yake. Hakuona ile muti?"

Alikiona, jamani! Alikiona, na kilimpa amani, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha!

Nilimpokea mtoto, nikaingia ndani, nikamwambia mama kwamba bomu lilianguka.

Pascal alipiga simu wiki kadhaa baadaye. Nilimtukana matusi yote niliyoyajua. Akasema mama yake alikuwa analia, risasi zilikuwa zinapita juu ya maji, alitaka kuondoka tu. "Na ile neno," akaongeza, "ilikuwa ya kusema weye, si mimi." Nikakata simu. Uchumba uliishia hapo. Mwaka mzima nilimwita muuaji mbele ya kila aliyenisikiliza, na watu walinionea huruma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kiliniumbua, nacho nikakifunika kwa uongo mwingine!

Juzi, njia ya ziwa ilipofunguka, nilimpeleka Neema akaone kaburi la mama yake. Sasa ana miaka mitano. Tulikwenda kwa pirogi, kayaki niliziacha. Mama Zawadi alitupokea, tukaomba pamoja, tukaimba wimbo mmoja wa kanisani. Ilikuwa asubuhi, ziwa limelala, hata jani halitikisiki.

Nilipofumbua macho, mtoto hakuwa pembeni yangu.

Alikuwa amevua sweta yake. Alikuwa anateremka kibondeni taratibu, ameishika sweta kwa mikono miwili, anaelekea kwenye kijiti chenye kitambaa chekundu. Akageuka akanitabasamia, kama zamani, akisubiri nimpigie makofi.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi! Niliruka, nikamkamata kwenye ukingo, nikamnyanyua juu ya kichwa changu, nikarudi naye nikianguka anguka. Alilia, akaniuliza, "Mama mukubwa, nilikosa nini?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia yeye, na Mama Zawadi akisikia, kila kitu mnachokisoma hapa. Mama Zawadi hakunitukana wala kunipiga. Aliwasha kishungi chake cha majani, akamshika Neema mkono, akakiteremsha kibondeni mbele ya macho yake. Moto ulizima kama umetiwa majini.

Neema alitazama sana.

"Mama alijua?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi njo nilijua."

Jioni ile nilikaa chini mbele ya kitanda cha mama yangu, nikarudia maneno yale yale. Aligeuka, akatazama ukuta. Namlisha, namwogesha, namgeuza asipate vidonda. Hajanisemesha hadi leo, na simlaumu.

Wasomaji wenzangu, nawaomba msifuate njia yangu. Mwenyeji akikuonyesha alama ya hatari, usiigeuze kuwa pambo ili watu wasiondoke. Na ukiwa umemdanganya mtu wako, usimtume mwingine akakusahihishie. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, hata kama watu wote wanasikiliza, hata kama boti inaondoka. Aibu yangu ingeisha kabla boti haijafika kisiwani... Sifa wangu hatarudi.