Mguu wa Kalinga na Kata ya Ulanzi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Tekla alipita kiwandani kumpelekea baba yake uji. Kilikuwa kiwanda cha mbao, ndani ya msitu, si mbali na Nyololo. Baba yake, Kalinga, alikuwa mpakiaji. Yeye na mwenzake Bartholomeo walipandisha magogo kwenye lori, kisha wakayafunga kwa mnyororo yasije yakaporomoka njiani.

Tekla alikuwa na miaka kumi na miwili na macho yasiyopitwa na kitu. Mama yake, Benedicta, alimtania kwamba angefaa kuwa askari kanzu, maana hata kuku wa jirani akitaga alitaka kujua yai limekwenda wapi.

"Baba, pete hii imelika," alisema asubuhi moja ya masika, mwaka 1956, akigusa mnyororo.

"Nimekwisha kumwambia nyapara. Anasema mpya unakuja. Haya, nenda shule, utachapwa."

Mnyororo mpya haukuja. Adhuhuri ya siku ileile pete ikakatika, gogo likaporomoka na kumvunja Kalinga mguu wa kulia. Aliyekuwa karibu ni Bartholomeo peke yake.

Nyapara, bwana mmoja aliyeitwa Marcelino, alikuja akautazama mguu, akasema majeruhi apelekwe nyumbani akafungwe vijiti. Hospitali ya nini, alisema, wakati waganga wapo? Benedicta hakumsikiliza. Aliomba vijana watengeneze machela, wakambeba mumewe hadi zahanati ya misheni.

Dresa wa pale, yaani mhudumu wa tiba, Isakwisa, mtu wa Mbeya, aliunyoosha mguu na kuufunga plasta. Alipomaliza akauliza ajali ilivyotokea.

"Basi umeumia kazini," alisema. "Sheria inamtaka mwajiri akulipe fidia. Hiyo si huruma, baba, ni haki yako. Ila usikae kimya. Nitamwarifu ofisa wa kazi kule Iringa kwamba nimekutibu, na jinsi ulivyoumia. Wewe mtafute mtu aliyeona, akaeleze kweli tupu. Na usikubaliane na mtu pembeni."

Walirudi nyumbani wakiwa na matumaini. Lakini siku chache baadaye nyapara alibisha hodi. Mkononi alikuwa na blanketi jipya, begani kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi inayogemwa wakati wa mvua. Nyuma yake walikuja majirani aliowakusanya mwenyewe.

Tekla alimkazia macho. Mtu huyu alikuwa hata salamu haitikii. Leo anacheka na kila mtu, anawapapasa watoto vichwa. Ana nini huyu?

"Kalinga, ndugu yangu," nyapara alisema, akimimina ulanzi kwenye kata ya kibuyu. "Nimekuja kukupa pole. Tunywe, yaishe."

Watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Waliokoseana wakinywea kata moja mbele ya majirani, ugomvi umekufa. Atakayeufufua ataonekana mtu wa hovyo maisha yake yote. Kalinga aliijua desturi hiyo tangu utoto. Aliitazama kata, akawatazama majirani, akanywa. Nyapara naye akanywa, kisha akawageukia watu mmoja mmoja.

"Mmeona wenyewe," alisema.

Tekla aliona kwamba kicheko chake kilikoma palepale.

"Baba, usingekunywa," alisema nyapara alipoondoka.

"Nyamaza. Mtu akikuletea kata nyumbani kwako, unaisukuma? Mimi siendi tena kwa ofisa. Nitaitwa mtu wa namna gani?"

Benedicta hakubishana naye. Alikaa jikoni akichochea moto, na baadaye alimwambia Tekla polepole kwamba kama baba hatapona vizuri na fidia haipo, muhula ujao shule basi. Wangekwenda wote wawili kuchuma chai kwenye mashamba ya Wazungu. Tekla alilia akiwa amejificha nyuma ya ghala la mahindi, na akamchukia nyapara kwa moyo wake wote.

Kesho yake alipita kiwandani. Mnyororo mpya ulikuwa unang'aa kwenye lori. Kisha akamwona Bartholomeo akitoka upande wa stoo ya nyapara na kitu kizito ndani ya kipande cha gunia. Alipomwona Tekla, aliingiza gunia ndani ya koti na kukata njia porini.

Kwa nini amejificha? Na kwa nini hajaja hata mara moja kumwona baba? Jibu alijipa mwenyewe: amenunuliwa.

Alimwambia mama yake. Mama naye akamdokeza jirani yao Severina, na Severina hakuwa mtu wa kukaa na neno. Jumapili, Bartholomeo alipofika kanisani akasalimu, "Kamwene," hakuitikiwa. Benedicta alimpa kisogo. Tekla aliona, akajisikia mshindi.

Juma lililofuata, gari la ofisa wa kazi, aliyekwisha kupata taarifa ya Isakwisa, likaingia uani kwa Kalinga. Ofisa alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha taratibu. Nyapara alikuwa ameshafika, na majirani walikuwa wamejaa.

"Bwana, huyu alikuwa mlevi," nyapara alisema. "Mnyororo ulikuwa mzima kabisa. Na mambo tumekwisha kuyamaliza kwa desturi. Waulize hawa, wote walimwona akinywa ulanzi."

Ofisa aliwageukia majirani. "Mlimwona akinywa?"

"Tulimwona, bwana," alijibu Severina. "Lakini mguu ulikuwa umeshafungwa plasta. Na ulanzi aliuleta nyapara mwenyewe, begani kwake."

Watu wakaguna. Nyapara akakohoa na kusema kwamba hata siku ya ajali Kalinga alinuka pombe.

"Nani mwingine alikuwapo?" ofisa aliuliza. "Nani aliuona mnyororo?"

Kalinga alitaja jina la Bartholomeo, lakini Bartholomeo hakuwapo. Mtu mmoja alisema anafunga mizigo, anarudi kwao Ilula, kwa sababu hapa watu hawamtaki tena. Tekla hakuomba ruhusa. Alikimbia hadi kwenye kibanda cha Bartholomeo, akamkuta akikaza kamba ya mzigo.

"Baba mdogo," alisema akihema, "siku ile ulibeba nini ndani ya gunia?"

Bartholomeo aliiachia kamba. "Ungeniuliza siku ile ile."

"Nakuuliza leo."

"Pete iliyokatika. Nyapara aliitupa kwenye takataka za stoo, nikaiokota asije akaizika. Alikuwa ananifuatafuata, ndiyo maana sikuja kwenu. Nilingoja Jumapili nimwambie mama yako kanisani. Mkanipa kisogo."

"Ni mimi niliyesema umenunuliwa," Tekla alisema.

Bartholomeo alifungua mzigo aliokwisha kuufunga, akatoa gunia, akatangulia njiani.

Ofisa aliigeuza pete ile mkononi. Pale ilipokatika, sehemu kubwa ilikuwa na kutu ya siku nyingi. Bartholomeo alieleza alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba Kalinga hakuwa amelewa, na kwamba walikwisha kumwonya nyapara.

"Na ile kata niliyokunywa?" Kalinga aliuliza.

"Imemaliza ugomvi kati yenu wawili, na ni vizuri," ofisa alijibu. "Haiwezi kufuta wajibu wa mwajiri. Fidia italipwa."

Ililipwa kweli, ofisini Iringa, baada ya daktari kuupima mguu. Kalinga hakurudi kupakia magogo, maana mguu ulibaki mfupi kidogo, lakini alifungua kiduka barabarani, na Tekla alibaki shuleni.

Jioni waliyorudi kutoka Iringa, Kalinga alimwita Bartholomeo nyumbani. Tekla alimimina ulanzi kwenye kata, akapiga magoti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, nisamehe."

Bartholomeo hakuipokea. "Mlininyima salamu mbele ya watu wangapi?" aliuliza.

Tekla alielewa. Aliiweka kata chini, akaenda nyumba hadi nyumba, akianza na kwa Severina, na katika kila mlango akasema kwamba alichokisema kuhusu Bartholomeo hakikuwa kweli. Lilikuwa jambo gumu kuliko mtihani wowote. Majirani walipomfuata na kujaa uani, akapiga magoti tena, na safari hii Bartholomeo akanywa.

"Sikia, mwanangu," Kalinga alisema. "Ukiumizwa, usione aibu kudai haki yako. Mimi niliona aibu, nusura uache shule. Tibiwa, toa taarifa mapema, tunza ushahidi, sema kweli. Na ukimshuku mtu, mwendee ukamuulize kabla hujamtangaza. Kwa nyapara macho yako yaliona sawa. Kwa huyu, yalitaka kutupotezea shahidi pekee tuliyekuwa naye."

"Kamwene, Tekla," Bartholomeo alisema, akimrudishia kata tupu.

"Kamwene, baba mdogo," Tekla aliitikia, na ua mzima ukaitikia pamoja naye.