Ngazi Kumi na Nane

Sitara alitoka intaneti kafe moyo umejaa furaha. Watu mia nne wamesoma blogu yake asubuhi moja, mchezo huo? Na hakuna aliyejua mwandishi ni nani. Blogu iliitwa Jicho la Kariakoo, na jicho halina jina.

Habari yenyewe ilikuwa ya moto: "Inasemekana Trupti, muuza viungo wa Mchafukoge, anachanganya unga wa matofali kwenye pilipili." Shoga yake Najma aliona gunia la unga mwekundu likiingizwa dukani.

Sitara aliishi ghorofani, juu ya duka hilohilo. Nyumbani alimkuta jirani yao Mektilda, mwandishi wa gazeti moja kule Posta, akinywa chai na mama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umesikia ya Trupti? Tangu asubuhi hajauza hata kijiko. Na keshokutwa ni Diwali, sikukuu yao Wahindu. Analia."

Furaha yote ikamwisha Sitara. "Ni mimi niliyeandika," akasema.

Mama akashika kiuno. "Wewe! Bizari ya nyumba hii tunanunua wapi?"

Mektilda hakugomba. "Inasemekana. Nani kasema?"

"Najma."

"Aliionja hiyo pilipili?"

"Hapana."

"Trupti mwenyewe ulimuuliza?"

Sitara akatikisa kichwa.

"Kuficha jina si kosa," Mektilda akasema. "Wengine hulificha wasije wakadhurika kwa kusema kweli. Lakini hakikisha kwanza. Unayemtuhumu mpe nafasi ya kujibu. Ukikosea, sahihisha palepale ulipokosea."

Sitara akashuka ngazi mbilimbili. Trupti alikaa peke yake nyuma ya mizani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Lile gunia la unga mwekundu ni la nini?"

"Lile pale. Unga wa matofali."

Loo! Sitara akaduwaa.

"Nachorea maua mlangoni siku ya Diwali. Kila mwaka mnayaruka mkipita. Mmesahau?"

Sitara akaona haya, akakiri yote. Trupti akaonyesha juu kwa kidole.

"Kutoka kwenu mpaka kwangu ni ngazi kumi na nane," akasema. "Umeshindwa kushuka?"

Sitara aliomba radhi. Akakaa akaangalia pilipili kavu ikisagwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akakimbia intaneti kafe. Juu kabisa ya blogu akaandika kwa herufi kubwa: "NILIKOSEA. Unga wa matofali ni wa maua ya Diwali. Pilipili nimeiona ikisagwa kwa macho yangu. Ni pilipili tupu."

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalizoleka kidogo kidogo. Siku ya Diwali wateja walipanga foleni, mama yake Sitara wa kwanza, wakiruka maua mekundu mlangoni. Sitara mwenyewe alisaidia kuyachora.

Najma akaja anahema. "Shoga, una habari? Inasemekana yule muuza mikate wa mtaa wa pili..."

Sitara alikuwa ameshavaa viatu.

"Twende tukamuulize," akasema.