Rais wa Zamani, Rais Mpya na Makopo ya Vifungo

Cherehani mbili zilitazamana ndani ya chumba kimoja. Ya dada mkubwa ilikaa karibu na dirisha. Ya mdogo wake ilikaa karibu na mlango. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Jua la mchana lilipoingia, vumbi la pamba lilielea polepole juu ya meza ile, na chumba kizima kilionekana kimesinzia.

Ndugu hawa walishona sare pamoja kwa miaka kumi na miwili. Dada alikata. Hakuna aliyejua kukata kama yeye. Lakini kola zake, Mungu amsamehe, zilipinda. Kwa hiyo kola alishona mdogo mtu, na zipu pia. Kila nguo ilipita mikononi mwa wote wawili.

Kisha akaja rais mpya.

Rais aliyepita alitawala miaka kumi, muda wake ukaisha. Huyu mpya alikuwa na miezi sita tu. Dada alisema wa zamani alikuwa bora. Mdogo mtu alisema mpya ni bora mara mia. Mwanzoni ulikuwa utani.

"Enzi zile mtu alilala usingizi," dada alisema.

"Ulilala wewe. Sisi wengine tulikesha tukisubiri maji."

"Wewe mtoto una mdomo!"

"Nimeurithi kwako, dada."

Lakini utani ulianza kuwa mchungu. Siku moja wakaamua kuwauliza wateja. Waliweka makopo mawili mezani, jekundu la rais wa zamani na la bluu la rais mpya. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo alipewa kifungo kimoja akitie anakotaka.

Mimi nilikuwa mmoja wa wateja hao. Mimi ni mwalimu wa watu wazima, na siku ile suruali yangu ilikuwa bado mikononi mwa dada. Alinitazama. Nikatia kifungo kwenye kopo jekundu bila kufikiri mara mbili. Naona aibu kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mengine walinisimulia wenyewe baadaye.

Baada ya wiki mbili likatokea jambo la ajabu. Siku ambazo dada aliwahudumia wateja, kopo jekundu lilijaa. Siku za mdogo mtu, lilijaa la bluu.

"Umejaza mwenyewe!" dada alisema.

"Mimi? Wewe ndiye unayewakodolea macho!"

"Unaniita mwongo ndani ya nyumba niliyokulelea?"

Dada alikunja kitambaa taratibu. Ndipo akasema, "Jumamosi nahama. Nimepata chumba ng'ambo ya barabara. Cherehani yangu naenda nayo."

Mdogo mtu aliinamia cherehani yake. Hakuwahi kufanya kazi hata siku moja bila dada yake. Dada ndiye aliyemshika mkono akiwa mdogo, akamfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Sasa alikuwa anampoteza, na sababu ni watu wawili ambao hawajawahi kuingia katika chumba kile.

Alhamisi, mwanamke kijana alibisha hodi. Alibeba mkoba na simu kubwa.

"Nakusanya maoni ya wananchi kuhusu serikali," alisema. "Nimehesabu nyumba, na kila ya tano naingia. Hii ni ya tano."

"Mtaa mzima huu, mtauliza nyumba chache tu?" aliuliza mdogo mtu. "Mtajuaje watu wanavyofikiri?"

Mkusanya maoni alitazama marobota ya kitambaa ukutani. "Ukitaka kujua kama kitambaa kitachuja rangi, unafua robota zima?"

"Nakata kipande, nakifua."

"Basi na sisi hivyo hivyo. Ila robota letu lina rangi nyingi. Nikikata upande mmoja tu, nitadanganyika. Ndiyo maana tunahesabu nyumba mjini na vijijini, wala hatuchagui tunaowapenda."

Simu yake ilichagua mtu mmoja kati ya watu wazima wa nyumba. Ikamwangukia dada.

"Tutazungumza peke yetu, mama. Jina lako siandiki. Swali usilolitaka, unaliacha."

Mdogo mtu alitoka akaenda uani kuanika vitambaa.

"Kwa upande wa maji," alianza mkusanya maoni, "kazi ya rais aliyepo unaionaje? Nzuri, wastani au mbaya?"

"Wa zamani alikuwa bora."

"Huyo bado, mama. Sasa nauliza maji tu."

Dada alisikiliza. Uani, bomba lilikuwa linajaza ndoo. "Nzuri," alisema, kwa shingo upande.

"Hospitali?"

"Mbaya. Foleni ndefu, dawa hakuna. Hilo nalo niseme?"

"Sema unavyoona. Jibu la kunifurahisha silihitaji. Shule je?"

"Wastani."

Maswali yaliendelea, moja moja, kwa sauti ya upole. Dada alihisi anaingia mahali kimya ndani yake, kama mtu anayekaribia kulala. Hakuna aliyembishia. Hakuna aliyemshangilia.

"Mtamlinganishaje na yule wa zamani?" aliuliza ghafla. "Huyu ana miezi sita. Yule alikuwa na miaka kumi."

"Umeuliza vizuri. Ofisi yetu iliuliza maswali haya haya rais aliyepita alipotimiza miezi sita. Tunalinganisha miezi sita kwa miezi sita. Mtu aliyeanza juzi hapimwi kwa miaka kumi ya mwenzake. Wewe miezi ile unaikumbuka?"

Dada alifumba macho. Aliiona nyumba hii hii, ukuta haujapakwa rangi. Alimwona mumewe anaingia na ndoo mbili, moja kichwani na moja mkononi, amelowa, anamlaani rais kwa wimbo anaouimba vibaya kwa sauti ya juu. Dada akacheka peke yake, macho yamefumbwa.

"Mume wangu alikuwa hampendi! Akimsikia redioni, alikuwa anamjibu. Maji yalikuwa shida hata wakati ule. Nilikuwa nimesahau kabisa."

"Hutokea. Na mwaka wake wa mwisho?"

Dada alifumbua macho. Jua lilikuwa limefika kwenye mikono yake.

"Mwaka wa mwisho mume wangu alikufa."

"Pole sana, mama. Tunaweza kuishia hapa."

"Hapana." Alipangusa uso kwa kipande cha kitambaa. "Kila siku nasema enzi zile, enzi zile. Nilidhani namsema rais. Enzi zile mume wangu alikuwa hai, mwanangu. Hiyo tu."

Walipomaliza, mdogo mtu aliitwa. Mkusanya maoni aliona makopo, akauliza ni ya nini. Wakamweleza. Alicheka mpaka akashika meza.

"Ndugu zangu, ni mteja gani atambishia fundi aliyeshika nguo yake? Hawa hawakumchagua rais, walichagua kola isipinde!"

Ndugu wale walitazamana. Mdogo mtu alishindwa kuzuia kicheko. Dada alimimina vifungo vyote katika sanduku la vifungo, vikachanganyika. Lakini neno la kuhama lilikuwa limeshatoka, na dada hakuwa mtu wa kurudisha neno.

Ijumaa alikuja muuguzi kuchukua sare yake. "Makopo yako wapi?" aliuliza. "Dada, leo nataka kumtilia kifungo rais wako."

"Kwenye maji au kwenye hospitali?" alijibu dada.

"Kwani kuna tofauti?"

"Tena kubwa. Sema kimoja kimoja. Na ukinipinga, sare yako utapata vilevile."

Muuguzi alifikiri. Akaanza kueleza habari za dawa kazini kwake, mambo ambayo miezi yote hakuwahi kuyasema mezani pale. Mdogo mtu alisimamisha cherehani ili asikie.

Jumamosi asubuhi dada alichukua bisibisi. Alianza kufungua cherehani kutoka kwenye meza yake. Skrubu moja ikatoka, ya pili ikatoka.

"Na mimi niulize," alisema mdogo mtu.

"Nikuulize nini?"

"Yale maswali."

Dada hakugeuka. "Rais mpya. Maji?"

"Nzuri."

"Shule?"

"Wastani."

"Hospitali?"

"Mbaya."

Sasa dada aligeuka. "Mbaya? Wewe? Miezi sita umenipigia kelele kwamba huyu hana mfano!"

Mdogo mtu alishika ukingo wa meza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Baada ya kumzika shemeji hukula na mimi tena. Ulikaa hapo dirishani, nakuita, huitiki. Rais mpya alipoapishwa nilisema moyoni, mwaka ule umekwisha. Nikampenda kwa hilo tu. Kila uliposema enzi zile, niliona unazidi kwenda mbali. Wewe ulitaka enzi zile zirudi, dada. Mimi nilitaka wewe urudi."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mluzi ukafifia mpaka ukaisha. Dada alisimama na bisibisi mkononi, machozi yakimtiririka, naye hakuyafuta. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama anayemwona baada ya safari.

Kisha aliweka bisibisi chini. Alitandaza kitambaa cha bluu mezani, akakilainisha kwa kiganja.

"Nimerudi, mdogo wangu," alisema. "Shika upande ule tukate."